Mkanda Namba Tatu

Kosa la mtoto lilikuwa moja tu: alilia kwa nguvu mno.

Inspekta Ndaki alimsikia tangu gari linaingia getini mwa kituo cha afya. Sauti ilitoka wodi ya wazazi, ikapita juu ya vichwa vya wanaume waliokaa ukutani na fimbo zao, ikaenda mpaka barabarani. Mtoto mwenye pumzi hivyo, siku nyingine, angepigiwa vigelegele. Leo hakuna aliyecheka.

Ndaki alikuwa ametoka kijiji cha jirani kumwona Melania, aliyejifungua alfajiri ileile, chumba kimoja na Tereza, mama wa huyu anayelia, kisha akaondoka kwa bodaboda kabla jua halijachomoza. Watu wote waliapa kwamba Melania ndiye aliyebeba mtoto wa Tereza na kumwachia mwenzake wa kwake. Ndaki alimkuta amelala na mwanawe ubavuni. Akaomba ruhusa, akamfunua yule mtoto. Msichana, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole sita, sawasawa na mkono ambao baba yake alikuwa amempa Ndaki wakati wa kusalimiana. Ndaki aliaga akaondoka. Ushahidi wa namna ile haubishaniwi.

Sasa alikuwa amerudi mikono mitupu, na Mama Ngassa, mama mkwe wa Tereza, alikuwa bado kwenye benchi lilelile, ameipa wodi mgongo.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Umeniletea mjukuu wangu?"

"Nimemwona mtoto wa Melania. Ni wa kwake, haina mjadala."

"Basi wa kwetu amepelekwa kwingine. Endelea kutafuta."

"Mjukuu wako analia humo ndani. Hata mimi nimemsikia."

Mama Ngassa aligeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya mtu aliyewahi kuhesabu ng'ombe wake kwa kuwatazama mara moja tu.

"Huyo anayelia ana moyo wa fahali," alisema. "Wa kwetu alikuwa na moyo mbovu. Jana jioni nesi mwenyewe alituita, mimi na mwanangu Ngassa. Akatufungulia kile kibao chake tukasikia. Moyo unakwenda, unakwenda, halafu unazama kama jiwe kisimani. Akasema jiandaeni, mkwe wako anapelekwa Geita kupasuliwa. Leo ananipa mtoto anayefukuza kuku kwa sauti. Moyo mbovu unapona kwa usiku mmoja? Kwa dawa gani, afande? Nitajie na mimi nikanunue."

Swali hilo lilimkera Ndaki. Bibi huyu hakuwa mjinga. Alikuwa na hoja.

"Tereza anasema alimwona akizaliwa."

"Mtu aliye kwenye uchungu anaona nini? Anaona nyota." Akaipa tena wodi mgongo. "Siingizi damu ya watu nyumbani kwangu. Tereza akitaka kuja, aje. Huyo abaki."

Ukutani, mmoja wa wale wenye fimbo alikuwa ameanza kueleza wenzake habari za watoto wachanga na dawa za kuvutia dhahabu. Ndaki alimkazia macho mpaka akanyamaza. Lakini alijua maneno ya namna ile hayafi kwa kukaziwa macho. Yakikaa mpaka jioni, kituo kitachomwa moto, na nesi akiwa ndani.

Nesi alikuwa stoo ya dawa. Ndaki alimfungia humo asubuhi kwa usalama wake, na ufunguo aliuweka mfuko wa shati. Alipofungua, Ritha alikuwa amekaa juu ya boksi la maji ya dripu, viatu amevua.

"Nimekamatwa au nimehifadhiwa?" aliuliza.

"Inategemea utakavyonijibu. Melania si mwizi."

"Ningekwambia asubuhi kama ungeniuliza."

"Nilikuuliza."

"Ulinifokea, afande. Kufoka siyo kuuliza."

Ndaki alivuta boksi jingine akakaa. "Haya, sifoki. Nieleze ile mashine kama unavyomweleza mtu aliyeishia darasa la nne."

Ritha alinyoosha mkono kwenye rafu akachukua mkanda wa kitambaa cha buluu, mpana kama kiganja. Kwa ndani ulikuwa na vibandiko vya kunata, na katikati kidude cheusi kidogo kama kiberiti. Namba tatu iliandikwa juu yake kwa rangi nyeupe.

"Mama anavaa tumboni. Hatobolewi, haingizwi kitu. Moyo wowote ukipiga unatoa umeme kidogo sana, na vibandiko hivi vinaunasa juu ya ngozi. Kidude kinatuma kwenye kishikwambi changu. Mimi nakaa ofisini, naona moyo wa kila mtoto aliyeko kwenye nyumba ya kusubiria uzazi."

"Unajuaje huu ni wa nani?"

"Kila mama ana namba yake. Tereza nilimpa namba tatu."

"Na jana ukaona nini?"

"Kila tumbo lilipokaza kidogo, moyo wa mtoto ulishuka, na ulichelewa kupanda. Hiyo ni dalili mbaya. Mtoto wa hivyo akiachwa apite kwenye uchungu wenyewe, anaweza asifike. Mkanda nilikuwa nimemvua asubuhi nikauleta huku kuuchaji; jioni niliposoma kumbukumbu zake za usiku, nikaita gari la Geita. Gari halijafika, Tereza akashikwa na uchungu wa haraka, hata muda wa kumfunga tena sikuupata. Nikajiandaa kumpokea mtoto aliyechoka. Akatoka anapiga kelele. Nikamsikiliza kifua, moyo safi. Nilishangaa. Halafu nikamshukuru Mungu, nikaacha kushangaa."

"Hapo ndipo ulipokosea."

"Kumshukuru Mungu?"

"Kuacha kushangaa."

Ndaki aliuchukua mkanda akaugeuzageuza. Tangu asubuhi watu wote walikuwa wakimshuku mtoto. Bibi alimshuku, wenye fimbo walimshuku, na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kumfunua binti wa watu nepi. Hakuna hata mmoja aliyeushuku ule moyo uliosikika jana.

"Vibandiko hivi viko tumboni mwa mama," alisema. "Na mama naye ana moyo. Mashine inachaguaje?"

"Haichagui. Inanasa yote miwili. Wa mama mkubwa, wa mtoto mdogo. Kishikwambi kinautenga wa mama pembeni ili nisome wa mtoto."

"Kinautenga, au kinautupa?"

Ritha alimtazama. Kisha akavaa viatu.

Tereza alikuwa kitandani, macho yamevimba, mtoto amenyamaza sasa kwa sababu alikuwa ananyonya. Ritha alimfunga mkanda taratibu juu ya tumbo lililolegea, akafungua kishikwambi. Mstari wa kijani ukaanza kurukaruka, vilima vyenye ncha, kimoja baada ya kingine. Kisha akafungua kumbukumbu za usiku wa juzi za namba tatu, na safari hii hakuutazama moyo wa mtoto. Aliuleta wa mama, akauweka chini ya ule wa leo.

Ndaki hakujua kusoma moyo, lakini alijua kutofautisha nyayo. Kwenye mstari wa juzi, kila kilima kilifuatwa na shimo. Kwenye mstari wa leo hapakuwa na shimo hata kimoja.

"Kuzaa kunaweza kubadilisha hivi?"

"Kunaweza kubadilisha kasi. Umbo siyo hivi." Ritha alipitisha kidole juu ya mashimo ya mstari wa juzi. "Huu siyo moyo wa Tereza, afande."

"Basi mtoto hakubadilishwa," Ndaki alisema. "Aliyebadilishwa ni mama."

Tereza akaanza kulia bila sauti.

Mama Ngassa alikuwa amefika mlangoni, amesikia vishindo vya maneno. Ndaki alimwomba atoke nje kwa heshima zote, akamfungia mlango usoni. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda cha pili.

"Tereza, mimi siyo mkwe wako. Niambie. Juzi mkanda huu aliuvaa nani?"

"Atanifukuza."

"Nani?"

"Mama. Akijua nimechezea vitu vya hospitali, atanifukuza."

"Hataki kumpokea mwanao sasa hivi. Atakufukuza mara ngapi?"

Tereza alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Ule mkanda una mkosi. Kuna mwenzetu aliuvaa kabla yetu, mtoto wake akafia tumboni. Wote kule kwenye nyumba tunajua. Na mimi wa kwanza wangu alikufa, afande. Nesi alipokuja na namba tatu, nikaogopa kumwambia kwamba siutaki, angenigombeza."

"Ningekugombeza," Ritha alikiri.

"Zipora akaniona nalia. Yeye alikuwa na namba tano. Akasema, lete huo, chukua wangu. Akasema yeye ni Mgogo, ni mtani wangu, mkosi wa Msukuma haumshiki. Kwani msibani nani anashika uchafu wetu, si watani? Akaufunga kiunoni akaanza kucheza nao, tukacheka mpaka basi. Nesi alipopita tulikuwa tumejifunika. Asubuhi yake tukabadilishana tena kabla hajaja kuvua."

Ndaki aligeuka. Ritha alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Yuko wapi huyo Zipora?"

"Nilimruhusu jana mchana," alisema Ritha. "Alikuja kwa sababu ya presha, ikashuka. Siku zake za kujifungua bado kidogo. Namba tano ilionyesha mtoto mzima kabisa, hakuna kasoro. Kwa hiyo nikamwambia nenda. Nilisoma kishikwambi. Sikumsoma mama. Afande, yule mtoto mwenye moyo unaozama bado yuko tumboni."

Simu ya Zipora ilikuwa imezimwa.

Gari la polisi liliendeshwa na Konstebo Edson, kijana ambaye siku za kawaida Ndaki alimkataza kukimbia. Leo hakumkataza. Ritha alikaa nyuma na mkoba wake na mikanda miwili mapajani. Wale wenye fimbo walipomwona anapanda gari walisimama wote kwa pamoja, na Ndaki akateremsha kioo.

"Mtoto wa Tereza ni wa Tereza," aliwaambia. "Sasa naenda kumtafuta aliye hatarini kweli. Anayetaka kunizuia aniambie jina lake vizuri nimwandike."

Walifungua geti wenyewe.

Kadi ya kliniki ya Zipora ilimtaja mumewe, Enock, mchimbaji, na machimbo hayakuwa mbali. Walipita kwenye makarasha yanayosaga mawe kwa kelele, vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya mbwa. Kwenye mwalo, akina mama waliokuwa wakiosha mchanga wa dhahabu walionyesha kwa kidevu duara, yaani shimo la uchimbaji, la tatu kutoka kwenye mti uliokatwa. Edson akapiga kelele shimoni. Kamba ikatikisika, na baada ya muda akatoka mwanaume mwenye tochi kichwani, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kucha.

"Wewe ndiye Enock, mume wa Zipora?"

Enock alitazama gari, akatazama sare ya Edson, akamtazama nesi. Akanyoosha mikono mbele kama mtu anayengoja pingu. "Afande, kama ni lile jiwe, sikulichukua mimi."

"Sina habari na jiwe. Mkeo yuko wapi?"

"Zipora? Nimempandisha basi alfajiri."

"Basi la wapi?" Ritha aliruka. "Nilimwambia apumzike nyumbani!"

"Nyumbani ndiko anakokwenda, nesi. Mpwapwa, kwa mama yake. Mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama, ndiyo desturi yao, ningembishia vipi? Yeye mwenyewe alisema nisikwambie, utamkatalia safari." Kisha akaona uso wa nesi. "Kuna nini?"

Ritha alimwambia kwa maneno machache. Enock alikaa chini palepale, juu ya kifusi, kama aliyekatwa kamba.

"Basi gani?" aliuliza Ndaki. "Enock, nitazame. Basi gani?"

"La kijani. Mbele limeandikwa Mungu Hachelewi. Linapita Mwanza, linashuka Shinyanga."

"Amekaa wapi?"

"Dirishani. Nilimtafutia dirisha kwa sababu anatapika."

Ndaki alipiga hesabu kwa saa iliyokuwa mkononi mwake. Basi lile lilikuwa limeshaipita Shinyanga mjini au linakaribia kuipita. Mbele yake kulikuwa na Didia, na Didia kulikuwa na kizuizi cha trafiki, na kwenye kizuizi alikuwepo Sajenti Pantaleo, mtu aliyejulikana mkoa mzima kwa kutopitwa na basi. Madereva walimchukia kwa moyo wote. Ndaki alimpigia.

"Pantaleo, basi la kijani, Mungu Hachelewi. Limepita?"

"Liko mbele yangu hapa, namkagua dereva tairi. Kwani limebeba nini?"

"Mwanamke mjamzito, yuko dirishani. Anaitwa Zipora. Mshushe."

"Amefanya kosa gani?"

"Hana kosa. Mshushe polepole, kama mayai. Halafu nipe naye niongee."

Ndaki aliweka simu kwenye spika. Walisikia mlango wa basi, abiria wakinung'unika, mtu akiuliza kama wanawake wajawazito nao siku hizi wanakatiwa leseni. Halafu sauti ya mwanamke, kali, inayokaribia.

"Nani huyo anayenitoa kwenye siti yangu?"

"Inspekta Ndaki, polisi Geita."

"Ndaki? Msukuma! Nilijua tu. Msukuma akikosa ng'ombe wa kuswaga, anaswaga watu."

"Na Mgogo akikosa mtu wa kumwomba, anaomba mkosi. Zipora, juzi ulivaa mkanda wa Tereza?"

"Amesema? Mjinga yule. Nilivaa. Mmenishusha kwenye basi kwa sababu ya mkanda? Nimeurudisha."

Ritha aliinyakua simu. "Zipora, ni mimi, nesi. Usikasirike. Tumbo linakaza?"

"Tangu Mwanza. Ni mashimo ya barabara."

"Linakaza likiachia, au linakaza moja kwa moja?"

"Likiachia. Linarudi. Hata sasa." Sauti ilikuwa imepungua ukali. "Nesi, kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Moyo ulionaswa juzi kwa jina la Tereza ulikuwa wa mwanao. Umechoka kidogo. Anahitaji kutolewa leo, asingoje. Lala kwa ubavu wa kushoto, sasa hivi, popote ulipo. Umenisikia, mwanangu?"

Walimsikia Zipora akisema, kwa mbali, "Baba, nishike mkono." Na sauti nzito ya Pantaleo, ambayo madereva hawajawahi kuisikia: "Njoo mama, njoo, gari langu lina siti ndefu nyuma." Halafu king'ora.

Ritha aliipigia hospitali ya Shinyanga gari la Pantaleo likiwa bado njiani. Aliongea na daktari wa zamu kwa lugha yao, haraka, bila kujitetea. Alimwambia kosa ni la nani na mkanda ni upi. Alipomaliza, Enock, vumbi na yote, akampa chupa yake ya maji.

Walirudi kituoni kungoja, kwa sababu kule kulikuwa na mtandao mzuri. Enock alikaa kwenye benchi, upande wa pili wa Mama Ngassa. Bibi alimtazama vumbi lake.

"Huyu naye ni nani?"

"Mume wa yule aliyemvulia mkwe wako mkosi," alisema Ndaki, na akamweleza yote: mkanda, utani, mistari miwili yenye mashimo na isiyo na mashimo. Hakumsitiri Tereza na hakumsitiri nesi. Mama Ngassa alisikiliza bila kukatiza hata mara moja. Alipomaliza, bibi aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ule moyo tuliousikia mimi na mwanangu, ukizama, ni wa mtoto wa huyu kijana?"

"Ndiyo, mayu."

Mama Ngassa alisogea kwenye benchi mpaka akamfikia Enock, akamshika mkono. Walikaa hivyo, bibi wa Kisukuma na mchimbaji mwenye vumbi, na hata wale wa ukutani walilaza fimbo chini.

Simu ilipoita, Ritha aliidondosha, akaiokota, akabonyeza spika.

"Nesi wa mikanda?" Alikuwa daktari wa Shinyanga. "Ulikuwa sahihi. Tulipomsikiliza alipofika, moyo ulikuwa unashuka kila tumbo likikaza. Hatukungoja, tukampasua. Kitovu kilikuwa kimejizungusha shingoni, kimekaza. Angefika Dodoma, asingefika na mtoto."

"Na sasa?" Ilikuwa sauti ya Enock. Haikuwa ya mtu mzima hata kidogo.

"Wewe nani?"

"Baba."

"Baba, subiri."

Zilisikika hatua, mlango, chombo cha chuma kikiwekwa. Kisha, ndani ya simu, mlio mwembamba wa mashine, pi, pi, pi, pi, wa haraka na sawasawa.

"Tumembandika vibandiko vidogo kifuani," alisema daktari. "Huo ndio moyo wake. Wa kike. Alichoka kidogo mwanzoni, sasa anatukana. Mama yake yuko salama, na neno la kwanza alilosema ni hili: mwambieni Msukuma anilipie siti yangu ya dirishani."

Enock alicheka, halafu akalia, halafu akavifanya vyote kwa pamoja, machozi yakichora mistari kwenye vumbi. Edson aligeukia ukuta kujifanya anaangalia simu. Ndaki alivua kofia, akaipepea usoni, ingawa hapakuwa na joto la kiasi hicho.

Mlio uliendelea. Hakuna aliyetaka kukata simu, na daktari naye hakukata.

Mama Ngassa aliinuka. Aliingia wodini bila kubisha. Ndaki alimfuata mpaka mlangoni, kwa tahadhari tu. Tereza alipomwona alimkumbatia mtoto na kujikunja, akingoja kugombezwa. Bibi alisimama juu yake.

"Usinifiche kitu tena," alisema. "Ukiogopa mkosi, uniambie mimi. Siyo Mgogo."

"Ndiyo, mama."

"Sasa lete."

Tereza alimtoa mtoto titini. Akaanza palepale kulia, kwa sauti ileile iliyofukuza kuku, na Mama Ngassa akampokea kwa mikono miwili, akainamisha sikio lake la kushoto mpaka likagusa kifua cha mtoto. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, mtoto akimpigia kelele kichwani, na hakujitoa.

"Wa kwetu," alisema mwishowe. Kisha akapaza sauti dirishani, kwa wale wa nje. "Ngassa! Washa pikipiki. Polepole, umebeba mwanao."